ESASky kwa walio Tanga: nzuri kwa kuona vumbi likipashwa joto na nyota changa, ila si kipimajoto

Tunachokikagua ni ESASky, atlasi ya mbingu ya mtandaoni ya Shirika la Anga la Ulaya, anwani yake sky.esa.int. Bei ni bure, hakuna kujisajili wala nywila. Kinacholiwa ni bando lako. Alama: nne kati ya tano kwa anayetaka kutazama, mbili kati ya tano kwa anayedhani atasoma halijoto moja kwa moja kwenye skrini.

Huduma hii ilifunguliwa mwaka 2016 na inaendeshwa na kituo cha shirika hilo kilicho karibu na Madrid. Inarundika ramani za mbingu zilizopigwa kwa mawimbi mbalimbali, kuanzia mionzi ya gama hadi redio, kwenye dirisha moja. Unabaki mahali pale pale angani, unabadilisha macho tu. Kwa mada nyingi za falaki huo ni urahisi wa kupendeza. Kwa mada ya nyota changa na vumbi ndiyo roho ya jambo lenyewe, maana shughuli iliyomo ndani ya mawingu yanayozaa nyota haionekani kwa mwanga wa kawaida hata ukiwa na darubini ya ukubwa gani.

Mawingu hayo ni gesi baridi, na vumbi ni takriban asilimia 1 tu ya uzito wake: chembe za silikati na kaboni, nyingi zikiwa chini ya robo ya maikromita (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Uchache wake usikudanganye, kwani vumbi ndilo linalomeza karibu mwanga wote. Pasipo nyota jirani, vumbi la ndani ya wingu hukaa karibu kelvini 10, yaani nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri. Nyota ikianza kujijenga humo, hata kabla haijaanza kuunguza hidrojeni, gesi inayoiporomokea hutoa nishati nyingi: nyota yenye nusu ya uzito wa Jua na nusukipenyo mara tatu ya Jua, ikimeza sehemu moja ya milioni ya uzito wa Jua kila mwaka, hung'aa karibu mara tano ya Jua kwa mporomoko huo peke yake. Vumbi hunywa mwanga huo na kuutoa upya kama mionzi ya joto, kama bati la paa lililokunywa jua la mchana linavyoendelea kukuchoma usoni magharibi ilhali haling'ai hata kidogo.

Ni mionzi ipi? Wanafunzi wa kidato cha sita wanaijua sheria ya Wien: gawanya 2,898 kwa kelvini, upate maikromita za wimbi ambalo kitu hung'aa zaidi. Vumbi la kelvini 10 kilele chake ni maikromita 290. La kelvini 30 ni 97. La kelvini 100 ni 29. Kwa hiyo macho unayoyahitaji ni ya kati ya maikromita 20 na 500, na hapa ndipo ESASky inapostahili sifa: ramani hizo inazo, zimekwisha kupangwa, hutafuti faili popote.

Sasa namna ya kuiendesha. Tumia kompyuta. Kwenye simu janja inafunguka bila tabu, lakini hali ya kitaalamu, yenye majedwali na orodha za picha, inabanana mno kwenye kioo kidogo. Ukifungua, chagua hali ya kitaalamu badala ya ile ya watalii. Andika M42 kwenye kisanduku cha kutafutia. Hiyo ni Nebula ya Orioni, takriban miaka ya mwanga 1,350 kutoka hapa. Weka upana wa dirisha karibu digrii 1.5, kisha usiuguse tena. Fungua menyu ya mbingu uongeze tabaka moja moja: DSS2 ya rangi kwa mwanga wa kawaida, 2MASS kwa infraredi ya karibu (mwanga usioonekana, wa mawimbi marefu kidogo kuliko mwekundu), AllWISE ya darubini ya WISE, kisha Herschel PACS na Herschel SPIRE, za kamera mbili za darubini ya Herschel. Kuna kitelezi cha kufifisha tabaka moja ndani ya jingine. Kitumie polepole. Kitufe cha kuchezesha tabaka zenyewe kwa zamu kinavutia darasani, ila kinakimbia kabla jicho halijashika kitu.

Kwenye DSS2 utaona gesi inayong'aa na mikanda myeusi. Huo weusi ndio vumbi. Kwenye 2MASS mikanda inapenyeka, nyota zilizojificha nyuma zinajitokeza. AllWISE inaleta mwanga wa hadi maikromita 22, lakini kitovu cha Orioni kina madoa mabovu kwa sababu vihisi vilijaa mwanga kupita kiasi. Wengi hudhani programu imekwama, wanapakia upya ukurasa na kumaliza bando bure. Haijakwama. Data yenyewe ndivyo ilivyo.

Herschel ndiyo sababu ya kuifungua huduma hii. Darubini hiyo ilirushwa tarehe 14 Mei 2009, kioo chake kilikuwa cha mita 3.5, na iliacha kufanya kazi Aprili 2013 heliamu ya kupoozea ilipokwisha. Tabaka la PACS limejengwa kwa maikromita 70 na 160, la SPIRE kwa 250, 350 na 500. Ukihama kutoka DSS2 kwenda SPIRE, nebula uliyoizoea inatoweka, na mahali pake unaona uzi mrefu uliopinda, kutoka kaskazini kwenda kusini, wa vumbi baridi. Rudi PACS: karibu dakika moja ya tao (sehemu ya 60 ya digrii) kaskazini-magharibi mwa nyota nne za Trapezium kuna mng'ao mkali ambao kwenye mwanga wa kawaida haupo kabisa. Hapo ndipo BN/KL, mahali palipogunduliwa na wanafalaki wa infraredi miaka ya 1960, nyota kubwa changa zikiwa zimefunikwa na vumbi lao.

Kuna namna mbili za joto za kutafuta. Ya kwanza ni joto la ndani: nyota changa imo tumboni mwa wingu, inapasha vumbi lililoizunguka, nawe unaona nukta ndogo kali ya maikromita 70 juu ya uzi mwekundu wa vumbi baridi. Fuata uzi kuelekea kaskazini mwa Trapezium, sehemu zinazoitwa OMC-2 na OMC-3, utazihesabu kadhaa. Mradi mmoja wa Herschel ulipima nyota changa zaidi ya 300 katika mawingu ya Orioni. Baadhi ya zile changa kabisa zinaonekana kwenye 70 lakini kwenye 22 ya WISE ni hafifu mno au hazipo, kwa kuwa vumbi lililozifunika ni zito kiasi kwamba hata mwanga huo unamezwa njiani. Kukitelezesha kitelezi kati ya tabaka hizo mbili juu ya nukta moja ni zoezi bora kuliko aya nzima ya kitabu.

Ya pili ni joto la nje. Nyota nzito iko pembeni, inaupiga ukuta wa wingu. Andika jina la Kichwa cha Farasi, au Barnard 33, uangalie upande wa magharibi: ukingo wote unang'aa kwa sababu unaelekeana na nyota Sigma Orionis. Upande wa nyuma umebaki baridi. Ukiona mng'ao ni ukingo si nukta, mtafute anayeupasha nje ya wingu.

Jambo linalowashangaza wengi ni jinsi joto linavyopanda kwa uvivu. Chembe hutoa nishati kwa kiwango kinachokwenda na halijoto kwa kipeo cha karibu 6, si 4 tu, kwa kuwa chembe ndogo ni mbovu katika kutoa mawimbi marefu. Matokeo yake, ukitaka vumbi la umbali ule ule liwe na halijoto maradufu, nyota lazima ing'ae mara 64 zaidi. Ukienda mbali mara 8, halijoto inashuka kwa nusu. Nyota kuu ya Trapezium, Theta-1 Orionis C, ina mng'ao wa takriban mara 200,000 wa Jua, lakini kwa umbali ule ule vumbi lake lingekuwa na joto kama mara 7.6 tu ya lile la nyota yenye mng'ao wa Jua. Ndiyo maana rangi kwenye ramani za Herschel hubadilika taratibu, na ndiyo maana anayetarajia duara la moto kuzunguka kila nyota changa atasema huduma haina kitu.

Wala tofauti hizo ndogo si za kupuuzwa. Wingu likitoka kelvini 10 hadi 20, uzito wa chini unaohitajika ili kipande chake kiporomoke chenyewe huongezeka mara 2.8, msongamano ukibaki vile vile. Nyota za kwanza zinaweza hivyo kuzuia wingu lisivunjikevunjike kuwa vipande vidogo. Tena karibu kelvini 20 barafu ya monoksidi kaboni huachia chembe na kuwa gesi; karibu kelvini 100 maji nayo huachia. Kemia nzima ya wingu inageuka kwa hatua hizo.

Tuje kwenye lawama. Kubwa ni rangi. Kwenye ESASky mawimbi mafupi hupewa buluu na marefu nyekundu, hivyo kwenye PACS buluu ni vumbi lenye joto zaidi na nyekundu ni baridi zaidi. Mwanafunzi aliyezoea mabomba ya maji, buluu baridi na nyekundu moto, atasoma ramani kinyume, na skrini haimwonyi. Pili, mwangaza wa kila tabaka umevutwa ili picha ipendeze, kwa hiyo nyekundu ya Orioni na nyekundu ya Nebula ya Tai, M16, si lazima ziwe halijoto moja. Tatu, na hili hata wajuzi hulisahau, kila wimbi lina ukungu wake: picha ya maikromita 70 inatenganisha vitu vya sekunde 6 za tao hivi (sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika ya tao), ya 250 sekunde 18, ya 500 sekunde 36. Pete nyekundu inayozunguka nukta buluu mara nyingi si vumbi baridi, ni ukungu wa picha ya wimbi refu tu.

Nne, mng'ao wa maikromita 8 hadi 12 si kipimo cha joto la vumbi kwa maana ya kawaida. Hutoka kwa sehemu kubwa kwenye molekuli kubwa za kaboni na chembe ndogo mno ambazo fotoni moja tu ya urujuanimno huzipandisha joto ghafla, kisha zinapoa. Ukitumia Wien hapo utapata zaidi ya kelvini 240, jibu la uongo, ilhali chembe kubwa za mahali hapo hapo ziko 30 au 40.

Anayetaka namba za kweli aache picha za rangi, apakue faili za FITS, zinazobeba vipimo vyenyewe vya kila pikseli. Bonyeza kitufe cha uchunguzi. Linatokea sanduku lililogawanywa kwa darubini. Chagua Herschel, jedwali linajaa, chagua mstari wa PACS wa eneo lako, pakua. Fungua kwa DS9, programu ya bure. Kisha kwa utaratibu huu: ramani za PACS mara nyingi huja kwa janski (kizio cha mng'ao) kwa pikseli, kwa hiyo soma ukubwa wa pikseli kwenye kichwa cha faili, gawanya kwa eneo la pikseli katika sekunde za tao za mraba, zidisha kwa 42,545 upate megajanski kwa steradiani. Fifisha ramani kali ilingane na ile yenye ukungu mkubwa. Toa usuli wa jirani kwa kila wimbi, maana sifuri ya PACS si sifuri ya kweli. Ndipo ugawanye mng'ao wa 70 kwa wa 160.

Kwa vumbi ambalo mwanga wake unapenya bila kuzuiliwa, na kwa kipeo tulichotaja, uwiano huo ni kama 0.03 kwa kelvini 15, 0.19 kwa 20, 1.26 kwa 30 na 3.1 kwa 40. Unaona ulivyo mkali: kati ya 15 na 30 unapanda zaidi ya mara 40, hivyo hata kosa la asilimia 20 kwenye kipimo halikupotezi sana. Chini ya kelvini 15, hata hivyo, 70 haina kitu cha kuaminika. Tumia 160 kwa 250, ambapo kelvini 10 hutoa 0.36, 15 hutoa 1.06, na 20 hutoa 1.76. Usijaribu hesabu hii juu ya BN/KL. Pale vumbi ni zito hata kwa mawimbi marefu, na ramani za Herschel zenyewe zimejaa kupita kiasi kitovuni.

Hata hesabu ikiwa safi, ina upendeleo. Kwa maikromita 160, gramu ya vumbi la kelvini 20 hung'aa karibu mara 90 kuliko gramu ya kelvini 10. Ganda jembamba lililopashwa na nyota jirani linaweza kukificha kiini kizito cha baridi kilicho nyuma yake. Kwenye 500 tofauti ni mara 5 tu, ndiyo sababu anayetafuta uzito wa wingu hutazama SPIRE, anayetafuta nyota changa hutazama PACS.

Kwa bando, tabia ya huduma hii ni ya ulafi. Picha huja kama vigae vya pikseli 512 kwa 512, na kila ukikuza, seti mpya inaitwa, kwa kila tabaka. Kuzungusha gurudumu la kipanya ovyo ndiko kunakomaliza. Shule ya Tanga yenye projekta moja na mtandao wa simu ifanye hivi: mwalimu aandae picha mapema kwa huduma ya hips2fits ya kituo cha data za falaki cha Strasbourg, Ufaransa, aweke kitovu cha M42, digrii 83.82 na -5.39, upana digrii 1.5, pikseli 800 kwa 800, abadilishe tabaka tu. Picha tano zenye fremu moja, ndani ya flashi, umeme ukikatika kompyuta mpakato inaendelea. 

Tanga ina bahati moja ambayo haimo kwenye menyu. Mji uko latitudo digrii 5 kusini na ushei, na M42 iko karibu digrii 5.4 kusini mwa ikweta ya mbingu, kwa hiyo inapita juu ya utosi, ikikosa kwa theluthi ya digrii tu. Katikati ya Januari inafika hapo karibu saa 4:20 usiku, katikati ya Februari saa 2:20. Bagamoyo inakosa kwa digrii moja, bado vizuri. Taa za bandari zinasumbua ukiwa Raskazone. Kusini, upande wa Mwambani na Tongoni, giza ni bora. Leta mkeka ulale chali, kwa sababu darubini ya mikono miwili ya 10x50 kuielekeza utosini ukiwa umesimama ni adhabu ya shingo. Utaona ukungu mdogo wa kijivu. Vumbi la joto hutaliona, ila utajua liko wapi ndani ya ukungu ule, na hiyo ndiyo faida ya kuanza na ESASky saa za mchana. Msimu wa kusi badilisha shabaha: wingu la Rho Ophiuchi, miaka ya mwanga 460 hivi, linafika juu kabisa katikati ya Juni karibu saa 5:15 usiku, na lina nyota zinazopasha vumbi kutoka ndani na kutoka nje kwa pamoja.

Tahadhari kwa wapenda Kilimia. Ukiandika M45 utaona vumbi linang'aa vizuri kwenye AllWISE, na wengi huandika kwamba ni mabaki ya wingu lililozaa nyota hizo. Sivyo. Kilimia kina umri wa takriban miaka milioni 100. Wingu lake la uzazi lilikwisha kutawanyika, na vumbi hilo ni la wingu jingine ambalo nyota zinapita katikati yake. Joto ni halisi, ukoo haupo.

Herschel haikupiga mbingu nzima, kwa hiyo ukifika mahali ukakuta weusi mtupu kwenye PACS, hamia tabaka za AKARI au IRAS, darubini nyingine za infraredi zilizopima karibu anga lote kwa ukungu mkubwa zaidi. Na kama kompyuta yako ni ya zamani, ESASky ikaburuta, Aladin Lite, atlasi nyingine ya mtandaoni ya kituo kile cha Strasbourg, ina tabaka nyingi kuliko hii. Mpangilio wake ni mkavu zaidi, kwa hiyo ujue jina la tabaka unalolitaka kabla hujaifungua.